Milimita nne za mafuta: Justa anavyowapimia njiti maziwa ya mama

Saa moja kasorobo asubuhi, Justa Masalu anainama juu ya meza ya bati akiwa na rula ya mwanafunzi mkononi. Mbele yake, juu ya kitambaa cheusi, imelazwa mirija mitano ya kioo, kila mmoja mwembamba kama unyasi. Imetoka sasa hivi kwenye mashine ndogo inayozunguka kwa kasi. Ndani ya kila mrija maziwa yamejigawa: chini ni meupe ya kufifia, juu kuna safu fupi yenye rangi ya siagi.

Safu hiyo ndiyo anayoipima.

"Sita," anasema na kuandika. "Tatu na nusu. Nne. Nne." Mrija wa tano anausogeza dirishani, anakunja uso. "Mbili. Huyu jana alikuwa na haraka."

Namba hizo ni milimita za mafuta. Maziwa ni ya binadamu. Yametolewa na akina mama wa mitaa mbalimbali ya Mwanza, wanaonyonyesha watoto wao wakashiba na bado wakabakiwa na ziada. Wanaoyatumia ni watoto njiti waliolazwa chumba cha jirani, katika hospitali ya misheni ambako Justa, mwenye umri wa miaka 41, ni mhudumu wa chumba cha maziwa.

Leo kuna namba nyingine anayoisubiri. Saa tatu watoto watapimwa uzito. Mmoja wao, Mihayo, alizaliwa na gramu 1,180. Jana alikuwa na 1,770. Akifikisha 1,800 ataruhusiwa kwenda kwao Usagara, baada ya siku 45 za kuishi wodini.

"Mama yake ameshafunga mizigo tangu jana jioni," anasema Justa huku akifuta mirija. "Nimemwambia, mdogo wangu, mizani haiangalii begi."

Anacheka, lakini saa ya ukutani ameitazama mara tatu. Gramu za Mihayo zina historia, na Justa yumo ndani yake.

Watu wengi wanadhani maziwa ya mama ni kitu kimoja, kama chumvi: ukionja ya huyu umeonja ya wote. Aliyewahi kukamua yake kwenye kikombe anajua si hivyo. Yanayotoka mwanzo ni mepesi. Yanayotoka mwisho, titi linapokaribia kuisha, ni mazito. Ya asubuhi si ya mchana. Ya mwezi wa kwanza si ya mwezi wa tano.

Leonsia Apolinary, muuguzi anayesimamia chumba hicho, anasema tofauti hiyo haimsumbui mtoto mwenye kilo tatu. Huyo anajirekebishia mwenyewe. Yakiwa mepesi ananyonya zaidi, akitosheka anaachia.

"Njiti hanyonyi," anasema Leonsia, mzaliwa wa Muleba mwenye uzoefu wa miaka kumi na saba. "Tunampa kwa mrija, mililita tulizoandika kwenye faili, basi. Ukimpa mepesi hawezi kulalamika, na hawezi kuongeza. Anakaa tu pale, hakui. Na wachangiaji wetu wengi walijifungua kwa wakati, watoto wao wana miezi mitatu, minne. Maziwa yao yana protini kidogo kuliko ya mama aliyejifungua njiti wiki hii. Kwa hiyo mafuta nayo yakipungua, mtoto ameumia mara mbili."

Ndiyo maana kila chupa inayoingia hupimwa. Justa huyeyusha maziwa yaliyogandishwa, huyachanganya ya siku kadhaa ili mazito yabebe mepesi, huyapasha moto wa nyuzi 62 na nusu kwa nusu saa, huyapoza, huyapima na kuandika namba kwenye kibandiko. Chupa ya milimita nne na kuendelea huenda kwa mtoto anayetegemea maziwa ya kuchangiwa peke yake. Chini ya hapo huenda kwa yule ambaye mama yake anatoa mengi ya kwake na anahitaji nyongeza kidogo tu.

Si kazi aliyoisomea. Alimaliza kidato cha nne, akauza samaki wa kukaanga Igogo, kisha akaajiriwa hospitalini kufanya usafi wodi ya wazazi. Alifagia kwa miaka sita. Chumba cha maziwa kilipofunguliwa miaka miwili iliyopita, Leonsia alimchukua yeye, akawaacha waombaji wawili wenye vyeti.

"Kwa nini? Kwa sababu nilimwona anavyoosha ndoo," anajibu Leonsia. "Mtu anayeosha ndoo mpaka chini ya mshikio, huyo namtaka."

Mshahara wake ni shilingi 420,000 kwa mwezi. Analipia vyumba viwili na kusomesha watoto watatu, mkubwa wao Alexander yuko kidato cha tatu. Mshahara haumtoshi, anasema, lakini hajawahi kuomba kurudi kwenye samaki.

Wachangiaji wanamjua kwa jina. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi hufika hospitalini kupimwa damu, na hapo ndipo benchi la nje hugeuka kijiwe. Dorcas, mwanika dagaa wa Igogo, ni mwembamba kama ufito, lakini maziwa yake hayashuki chini ya milimita sita. Sabina, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Buhongwa, ana mwili wa kujaza kiti, na maziwa yake yalikuwa yanasoma mbili.

"Mwalimu, mwili wote huo, milimita mbili?" Dorcas alimtania mwezi uliopita.

"Nyamaza wewe. Wewe mafuta yako yote yamehamia huko, ndiyo maana umebaki mifupa."

"Na bado nakushinda! Leta daftari tusahihishe."

Sabina aliumia kidogo, ingawa alicheka. Akaanza kula karanga asubuhi na jioni. Wiki mbili baadaye alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu, maziwa yakabaki mbili. Leonsia alilazimika kuwaweka kitako na kuwaeleza kwamba chakula kinabadilisha aina ya mafuta kwenye maziwa kuliko wingi wake, na kwamba mwanamke mnene hana deni kwa mtu. Tangu siku hiyo Justa haandiki namba mahali wanapoweza kuiona.

Ni kipindi hicho hicho uzito wa Mihayo uliposimama.

Mama yake, Evelina, ana miaka 24. Alipata kifafa cha mimba wiki ya thelathini, akafanyiwa upasuaji na kulala siku tisa bila kujitambua vizuri. Alipopata nguvu, maziwa yalikuwa matone. Kwa hiyo Mihayo alikuwa mtoto pekee wodini aliyeishi kwa maziwa ya kuchangiwa tu, mrija puani, kila baada ya saa tatu.

Siku ya 16 alikuwa na gramu 1,210. Siku ya 17, 1,210. Siku ya 19, 1,205. Siku ya 22 bado 1,210. Hakuwa na homa, hakutapika, hakuharisha. Daktari wa watoto, Nathaniel Chenge, alipitia vipimo vyote mara ya pili na kuuliza swali moja tu: anakula nini?

"Chupa zake zote zimeandikwa nne au zaidi," Leonsia alimjibu, na faili lilikubaliana naye.

Mtu wa kwanza kutiliwa shaka alikuwa mchangiaji. Labda kuna anayeongeza maji? Justa alikataa. Alimfuata Sabina nyumbani Buhongwa, akakaa naye jikoni akimtazama anavyokamua. Mwalimu alikuwa anakamua dakika kumi za mwanzo, kisha anamnyonyesha mwanaye. Aliona ni ustaarabu: mgeni aanze.

"Nikamwambia, dada, umenikumbusha kwetu," anasimulia Justa, ambaye baba yake alifuga ng'ombe Misungwi. "Sisi ng'ombe tunamkamua, halafu tunamwachia ndama ya mwisho, kwa sababu ya mwisho ndiyo yenye mafuta. Ndama ananenepa, sisi tunakunywa ya mwanzo. Sasa wewe umemfanya mwanao ndama, na njiti wetu umemfanya mwenye ng'ombe!"

Sabina alibadilisha. Sasa mwanaye anaanza, ziada anaikamua baadaye. Wiki ile ile maziwa yake yalipanda kutoka mbili hadi nne na nusu. Justa alirudi hospitalini akitembea kama aliyeshinda kesi.

Mihayo akapimwa. Gramu 1,215.

"Hapo ndipo niliogopa," anasema. "Maziwa mazuri, namba nzuri, mtoto yuleyule."

Siku ya 24, saa nane mchana, alikuwa kwenye sinki akiosha chupa. Ya tatu ilimteleza. Aliishika tena, ikateleza tena. Alipitisha kidole ndani ya shingo ya chupa, kikatoka na utando mzito, wa njano.

Hakuiosha. Alichukua chupa nyingine kutoka kwenye friji, iliyotumika nusu, yenye kibandiko cha milimita nne. Alivuta maziwa ya chini akayatia kwenye mrija mmoja. Akavuta ya juu kabisa, akatia kwenye mwingine. Mashine ilizunguka dakika tano.

Ya juu yalisoma kumi na moja. Ya chini, moja na nusu.

"Nilikaa juu ya ndoo," anasema Justa. "Nikaipima tena yote miwili."

Kosa lilikuwa la mkono wake. Zamani maziwa yalitiwa kwenye chupa ndogo za mlo mmoja; chupa yote ilimalizwa, mafuta hayakuwa na pa kubaki. Siku tisa hivi kabla, chupa hizo ziliadimika, wakaletewa kubwa za milo kumi. Maziwa yakisimama kwenye friji, mafuta hupanda juu na kuganda pembeni. Justa alikuwa anatoa chupa kwa adabu zote, anaishika wima, anazamisha bomba la sindano hadi chini na kuvuta maziwa ya Mihayo kutoka huko, ili ule utando wa juu usije ukaziba mrija wa pua. Baada ya saa 24 masalia yalimwagwa, kama kanuni inavyotaka. Mafuta yalikuwa kwenye masalia.

Kwa nini hakuyachanganya? Swali hilo aliulizwa na kila mtu, na halikwepi.

"Kwetu maziwa yanayotikiswa ni ya samli tu. Unayatia kwenye kibuyu, unasukasuka. Ya kunywa hayaguswi. Mama yetu alikuwa anatuchapa ukimletea mgeni maziwa umeyatikisa, anasema umeyaharibu kabla hayajafika. Mimi chupa ya maziwa naibeba kama mtoto aliyelala."

Kwenye mafunzo walimwambia pia asitikise. Aliitikia kwa kichwa. Sentensi iliyofuata ilisema: pasha chupa kwenye maji ya vuguvugu, kisha izungushe taratibu mpaka mafuta yachanganyike yote. Ameiona baadaye kwenye daftari lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Ya kwanza niliijua tangu utotoni, nikaona somo nimelimaliza. Ya pili niliiandika bila kuisikia."

Angeweza kunyamaza. Angezungusha chupa kuanzia siku ile, mtoto angekua, na hakuna ambaye angejua. Alipeleka mirija miwili kwa Leonsia, ikiwa bado na alama za rula.

Leonsia aliisoma yote miwili. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu, Sista."

"Mama yake?"

"Naenda sasa."

Evelina alikuwa kitandani na Mihayo kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa khanga. Justa hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anakunywa maji?" Evelina aliuliza.

"Si maji. Ni maziwa yaliyopungukiwa mafuta. Mafuta nilikuwa nayamwaga mimi kwenye sinki."

"Siku ngapi?"

"Nane, labda tisa."

Evelina aligeukia ukutani. Siku mbili hakumsemesha. Salamu za Justa za asubuhi, "Mwangaluka, mama Mihayo," zilijibiwa na ukuta. Siku ya tatu, saa sita kamili, Justa aliinua kichwa na kumkuta amesimama nje ya dirisha la chumba cha maziwa, mkono umeshika kidonda cha upasuaji.

"Zungusha nikiona," alisema.

Justa alizungusha. Maji ya vuguvugu, chupa mkononi, taratibu, mara ishirini.

"Bado. Kuna kipande pale shingoni."

"Wapi?"

"Hapo, karibu na kifuniko. Wewe huna macho?"

Kuanzia hapo Evelina alikuja kila mlo wa mchana. Wiki ya kwanza alikuja kusimamia. Wiki ya pili alikuja kupiga soga: kuhusu mumewe Yakobo, fundi pikipiki wa njiapanda ya Usagara, ambaye kila akipiga simu anauliza mtoto ana kilo ngapi kana kwamba ni mbuzi wa mnadani, kuhusu mama mkwe ambaye hakupenda mjukuu anywe maziwa ya mwanamke asiyemjua, mpaka alipokutanishwa na Dorcas siku ya benchi.

"Shikamoo mama," Dorcas alimsalimia.

"Marahaba. Ndiye wewe unayemnyonyesha mjukuu wangu?"

"Ndiyo, mama. Samahani kwa wembamba."

Bibi alimkagua juu mpaka chini, akasema basi mtoto atakuwa mchapakazi.

Mizani ilijibu mapema. Siku ya pili tangu chupa zianze kuzungushwa, Mihayo aliongeza gramu 15. Kisha 20. Kisha 30 karibu kila siku. Maziwa ya Evelina nayo yaliongezeka polepole, na wiki iliyopita yakatosha kabisa, Mihayo naye akaanza kunyonya titi. Anayakamua mwenyewe, kuanzia mepesi hadi mazito, na akitoa kikombe kwenye friji anakizungusha mwenyewe bila kuambiwa.

Hospitali imebadilisha utaratibu. Sasa kila chupa hupimwa mara mbili, inapojazwa na inapofika mlo wa mwisho, na namba mbili zisipokaribiana mtu anaulizwa. Justa alipewa barua ya onyo, akaisaini. Halalamiki.

"Ni haki. Wangenipa zawadi ningeshangaa."

Sasa ni saa tatu. Wodini kuna joto, akina mama watano wamekaa kwenye viti vya plastiki na watoto vifuani. Leonsia anaweka nepi safi kwenye mizani, anarudisha namba kwenye sifuri, anampokea Mihayo, ambaye anapinga kwa sauti ya paka. Justa amesimama mlangoni akiwa bado na glavu.

Namba zinacheza, zinatulia.

1,795.

"Gramu tano!" Evelina anapiga paja. "Sista, gramu tano ni nini? Si kijiko kimoja cha sukari?"

"Ni 1,800, mama Mihayo. Kanuni ni kanuni."

"Mpime na kofia basi."

Wodi nzima inacheka, hata Leonsia. "Kofia haitaongezeka kesho," anasema. "Mtoto ataongezeka."

Evelina anamtazama Justa mlangoni, kama anayetafuta wakili. Justa anainua mabega. "Usinitazame mimi, mdogo wangu. Nilishaharibu gramu za huyu mtoto mara moja, siwezi kumwongezea za uongo. Mnyonyeshe. Titi moja mpaka liishe ndipo uhamie la pili."

Kesho yake Mihayo alikuwa na gramu 1,825. Yakobo alifika saa nne na bajaji ya kukodi, shati limepigwa pasi, mikono bado ina alama za grisi. Leonsia alimrudisha bombani akanawe mara mbili kabla ya kumpa mtoto. Alimpokea akiwa amekakamaa viwiko, akauliza kama ni salama kupita kwenye matuta.

Evelina aliwaaga wote kwa majina. Alipofika kwa Justa alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Sijasahau," alisema.

"Usisahau."

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia. Hakuna mwingine angeniambia."

Bajaji iliondoka. Justa alirudi ndani kuyeyusha maziwa ya saa sita, kwa sababu mapacha wawili walikuwa wameletwa alfajiri, mmoja ana gramu 1,040 na mama yao bado yuko chumba cha upasuaji.

Kuhusu kesho yake mwenyewe, Justa ana mipango miwili na ameipanga kwa mfuatano. Wa kwanza ni Jumatatu ijayo. Wahudumu wanne kutoka vituo vya afya vya kandokando ya ziwa watakuja kujifunza kupima mafuta, na Leonsia amempa yeye saa ya kwanza ya somo.

"Nitaanza na kosa langu. Nitawaonyesha ya juu na ya chini, wapime wenyewe. Wakinicheka ni sawa, ilimradi wasiiandike sentensi ya pili bila kuisikia."

Wa pili ni wa mwisho wa mwezi. Familia ya Usagara imemwalika. Yakobo amepiga simu mara mbili kuthibitisha, mama mkwe ameshachagua jogoo, na kuna mazungumzo ya pilau.

"Pilau wale wao," anasema Justa, akizungusha chupa taratibu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. "Mimi nitaomba kadi ya kliniki. Nikikuta mstari wa uzito unapanda, nitakunywa soda moja, nirudi zangu Igogo."